Mwasha Taa na Taa ya Chaani

Siku tuliyomzika Mwasha Taa, wanawake walimtuma salamu. Ndivyo tufanyavyo kwetu: kabla mchanga haujajaa, kila mwenye wake aliyetangulia humtuma huyu anayekwenda sasa. Msalimie mama. Mwambie shangazi kile kisima kimechimbuliwa upya. Salamu zikaenda hivyo, mpaka mmoja akasema, "Na umsalimie Katana mwanao." Hapo wote wakatazamana kama watoto waliovunja kitu, wakingoja kukemewa. Hakukuwa na wa kukemea. Mkemeaji ndiye aliyekuwa shimoni.

Sitaeleza alikozaliwa wala ukoo wake. Hayo wazee waliyasema makaburini, na mengine waliyakosea. Nitaandika niliyoyaona na niliyoyasikia mwenyewe. Mimi ni mwanamke wa madarasa machache ya misheni, na yeye aliwahi kuniambia kwamba mwandiko wangu unatembea upande kama kaa. Nilikuwa niolewe na mwanawe. Ndiyo sababu nilimjua, na ndiyo sababu siwezi kumsemea uongo, hata ule uongo mwema wa kumsifu marehemu.

Kazi yake ilikuwa taa za reli pale stesheni ya Changamwe. Kila alasiri alizisafisha, akazitia mafuta, akakata tambi zake kwa mkasi, kisha akazibeba kando ya reli hadi kwenye milingoti ya ishara, akapanda ngazi na kuziweka mahali pake. Taa hizo zilikuwa na kioo kikubwa mbele, cha kuonwa na dereva wa gari moshi. Kwa nyuma zilikuwa na kitundu kidogo tu. Kioo kikubwa kilikuwa cha dereva, kitundu kilikuwa chake. Akishashuka alisimama nyuma ya mlingoti akatazama juu, na akikiona kitundu kina mwanga kama punje ya mtama, alijua taa yake inawaka ingawa uso wake umeelekea Mazeras, gari linakotoka. Hapo ndipo alipokwenda kula.

"Taa isiyo na nyuma si taa," alizoea kusema. Neno lake jingine lilikuwa, "Kila taa ina mtu aliyeiwasha." Hayo mawili aliyasema mara nyingi mno hata watu wa Chaani wakimwona anakuja waliyasema kabla yake, naye akacheka pamoja nao.

Hakutazama moto. Hata nyumbani, mkewe akiwasha koroboi, yeye alitazama ukuta ulio nyuma yake ili ajue kama utambi umekaa sawa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Moto hukuonyesha moto tu, mwanangu. Ukuta ndio hukuonyesha taa." Mikono yake ilinuka mafuta ya taa, na chakula alichokigusa kilinuka vivyo hivyo. Mkewe alisema amekula mafuta ya taa tangu harusi yake na bado hajawaka.

Ile ilikuwa miaka ya vita. Amri ilikuwa imetoka kwamba jioni kila nyumba ifunike taa yake, ndege za adui zisione pa kuangusha mabomu. Askari walipita Chaani wakigonga milango, "Zima! Zima wewe!" Mwasha Taa akapita katikati yao na taa zake mikononi, akawauliza, "Na hizi mwazionaje? Nizipulize?" Nao walimjua, wakampisha.

Nadhani lile giza ndilo lililotufanya tuone vitu. Au vilikuwapo siku zote, taa zetu zikavificha. Sijui. Kila wiki kulikuwa na jipya. Mara ndege isiyo na sauti imepita juu ya Magongo. Mara kitu cha mviringo kimesimama mawinguni, wengine wakasema ni puto la jeshi, wengine wakasema puto gani liendalo kinyume cha upepo. Waliotoka bara wakasema ni Wajapani. Majirani zetu Waislamu wakasema ni majini wamehamishwa na kelele za mizinga. Sisi, ambao Jumapili tulikuwa kanisani, hatukusema kwa sauti tulilofikiri.

Mwasha Taa hakubishana na mtu kwa maneno. Alikwenda kuangalia. Palikuwa na mwanamke wa Magongo, mumewe akifanya kazi Mazeras, ambaye nyumba yake ilipigwa mawe na jini mchana kweupe. Ilikuwa na mabati mapya, ya kwanza pale mtaani, na watu walisema jini limeona wivu. Mganga alikuja, akala kuku, akaenda zake, na mawe yakaendelea. Mwasha Taa akachukua kigoda, akakaa uani kwa yule mwanamke asubuhi nzima, akanywa chai yake. Alipotosheka akaita watu.

"Tazameni juu."

Kunguru alikuwa anapita na kombe mdomoni, kaokota ufukweni. Alipofika juu ya mabati akaliachia. Kombe likapasuka, paa! Kunguru akashuka akala nyama iliyomo ndani.

"Jini lenu hilo," akasema. "Limepata sahani mpya."

Watu walicheka siku hiyo hadi wakakaa chini. Yule mwanamke hakucheka. Nami nilimwelewa baadaye, kwa sababu mumewe alikuwa ameomba ruhusa na kurudi nyumbani kwa ajili ya lile jini, na baada ya kunguru kujulikana, akarudi Mazeras wiki ileile. Tangu hapo kila alipokutana na Mwasha Taa njiani alivuka upande wa pili. Nilimwambia Mwasha Taa hayo. Akasema, "Lakini alikuwa kunguru." Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu asiyejua afanye nini zaidi.

Muuza kahawa wa pale stesheni, mzee wa Kiislamu aliyempenda sana, alimtania kila jioni. "Wewe bwana, wallahi, ukifa, malaika wakija kukuuliza maswali kaburini, utawaambia wageuke uwaone mgongo kwanza."

"Kwani kuna ubaya gani? Akiwa malaika si ana mgongo?"

"Astaghfirullah! Kunywa kahawa yako uende."

Padri naye alimwuliza, mbele ya watu, kama kweli alimwamini Mungu, maana walikuwapo waliosema hamwamini. Akajibu, "Namwamini, padri. Ila hajaniambia kwamba ana taa juu ya Chaani." Alikaa benchi la nyuma kila Jumapili bila kukosa.

Mtu huyohuyo, aliyecheka majini na koma, zile roho za wafu wetu, hakumruhusu mtu kukalia kigoda cha Katana. Viatu vya Katana vya zamani vilikuwa chini ya dirisha, na ukifagia ulifagia kuvizunguka. Nilipokuwa nawasaidia kazi nilivisogeza siku moja, akavirudisha kimya kimya, akavipanga ncha zikiwa zimeelekea ndani, kama vya mtu aliyeingia. Nikamtazama. Akasema, "Ni adabu tu."

Sasa nimfikie Katana.

Katana alikuwa mtoto wao wa pekee aliyekua. Alikuwa mrefu, mwenye mzaha, akiimba vibaya na kwa sauti. Posa yangu ilikuwa imekwisha pokewa. Wazee walileta kadzama, kile kibuyu cha tembo cha posa, baba yangu akanywa, nami nikaulizwa mbele yao kama tembo hilo linyweke, nikasema linyweke. Baada ya hapo Katana akaingia Keya, jeshi la Waingereza, kama vijana wengi, na akapelekwa nchi za mbali. Meli iliyowachukua ikapigwa na adui, ikazama baharini. Waliookolewa waliokolewa. Karani alikuja nyumbani kwao na kusema kwa mdomo wake kwamba Katana hayumo katika waliookolewa, wala hakuonekana katika waliokufa. Mkewe Mwasha Taa akauliza, "Basi yuko wapi?" Karani akasema, "Mama, hajulikani alipo." Akanywa maji tuliyompa, akaenda.

Kwetu mtu asiyejulikana alipo hana pa kuwekwa. Matanga hayakai mpaka baba wa marehemu atoe neno kwamba mwanangu amekufa. Neno hilo ni la baba peke yake, hata mama hawezi kulitoa. Likishatoka, watu hulia, hulala uani, hula, na kwa aliyefia mbali bila mwili hupandwa kijiti cha koma nyuma ya nyumba ili roho yake ipate mahali pa kukaa, isizunguke. Wakristo twafanya pia, ila nyuma ya nyumba kabisa. Bila neno, hakuna kilio. Hata mchumba hawezi kulia, wala hawezi kuolewa na mwingine, kwa kuwa kadzama imekwisha nyweka.

Mwasha Taa hakutoa neno.

"Nani amemwona amekufa?" aliwauliza ndugu zake walipokuja. "Mleteni anieleze."

Si kwamba alisema upuuzi. Alikuwako mtu wa Magongo ambaye walimlilia, wakapanda kijiti, mkewe akaolewa, kisha mtu huyo akashuka garini mzima, akakuta watu wamevaa mashati yake. Tulimwona wote. Mwasha Taa alikwenda kumshika mkono, akaushika sana, akaugeuza huku na huku kama anayekagua taa.

Mwaka uleule ndipo ile taa ilipoanza.

Nyumba yao ilikuwa Chaani, mteremkoni, na chini yake kuna mikoko na maji mapana, na ng'ambo ya maji ni upande wa Mtongwe, Likoni. Jua likishazama, kabla giza halijashika vizuri, juu kidogo ya mikoko palitokea mwanga. Mimi niliuona. Nilikuwa natoka kisimani na mama yake Katana, mitungi kichwani. Ulikuwa mweupe wenye ubuluu, ukubwa wa sufuria, na ulisimama. Sikusikia mlio. Haukutikisika kama taa ya mvuvi, wala haukutupa mwali kama kurunzi ya askari. Ulikaa muda wa kutosha mimi kuhisi shingo inauma chini ya mtungi, kisha ukazimika, si kwa kufifia, bali kama jicho linapofumbwa. Hayo ndiyo niliyoyaona. Watu wameniuliza kilikuwa nini, nami nawaambia niliona mwanga.

Mama yake Katana alinishika mkono, mtungi wake ukamwagika, akasema, "Mkaribishe mumeo."

Kuanzia siku hiyo hakuwa na shaka. Katana amekufa, hana kijiti, anazunguka, ametafuta maji ya kwao. Wengi wa Chaani waliuona mwanga ule nyakati mbalimbali, na kila mmoja alikuwa na lake, lakini yeye alimwona mtoto wake ndani ya mwanga huo. Akamwambia mumewe atoe neno.

Mwasha Taa alishuka ufukweni jioni nyingi kungoja. Hakuuona. Ulitokea siku alizokuwa kazini, ukakosa siku alizokuwapo, jambo ambalo lilimkasirisha kuliko kitu chochote nilichopata kukiona. "Taa gani hii inayojua ratiba yangu?" Akakagua mikoko mchana, akanusa matope, akawauliza wavuvi kila mmoja ana taa gani na huiwasha wapi. Hakupata kitu. Alisema huenda ni hewa ya matope, amesikia hewa ya matope huwaka. Alisema huenda ni nyota. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe wasema huamini usichokishika," akamwambia. Mimi nilikuwapo, nachambua mchicha.

"Ndivyo."

"Na Katana yu hai?"

"Yu hai."

"Umemshika wapi?"

Alichukua mkasi akaanza kukata utambi aliokwisha kuukata.

Wakati huo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya, ila mtu aliyefuga taa maisha yake yote. Aliomba ruhusa kazini, akavuka kwa mtumbwi hadi Mtongwe, akakaa ufukweni ng'ambo, uso wake ukielekea Chaani, ili ile taa ikitokea aione kwa nyuma.

Nayo ikatokea jioni ileile. Tuliiona mimi, mama yake Katana, na wanawake wengine waliokuwa wakianua nguo. Ilisimama palepale, muda mrefu kuliko siku zote.

Asubuhi alirudi, suruali imelowa hadi magotini. "Mliiona?"

"Tuliiona, baba," nikasema.

"Mimi nilikuwa nyuma yake. Nimetazama mpaka macho yakatoka maji. Hapakuwa na kitu, hata kama punje ya mtama. Mwasikia? Taa isiyo na nyuma si taa. Si mtu. Si kitu. Katana hajafa."

Nakumbuka alikuwa na furaha. Ndiyo mara pekee nilipomwona na furaha tangu karani aje. Mkewe alikuwa amekaa kizingitini. Akainua macho, akasema polepole, "Basi amekupa mgongo. Mwanao amekugeuzia mgongo."

Mwasha Taa aliingia ndani, akavitazama vile viatu, akatoka tena kwenda kazini, ingawa ilikuwa siku yake ya kupumzika.

Miaka ilipita hivyo katika nyumba ile. Hawakugombana. Ningependa wangegombana. Mama alipika, baba alikula, wakaulizana habari za shamba na za kanisa, na jioni mmoja alitazama maji na mwingine akautazama ukuta. Mimi nilikuwa katikati, si mkwe wala si mgeni. Wenzangu walizaa. Baba yangu aliniambia, "Kadzo, nifanyeje? Nimekunywa tembo la watu." Sikuweza kumwomba Mwasha Taa amwue mwanawe ili mimi niolewe, na sikuweza kumwomba mkewe amfufue. Vita viliisha, waliorudi wakarudi, taa zikaruhusiwa tena kila nyumba. Mwanga wa mikokoni ukapungua kuonekana, au hatukuutazama tena kwa kuwa sasa kulikuwa na taa nyingi.

Kisha mama yake Katana akaugua, ugonjwa wa kukonda tu, usio na jina. Siku zake za mwisho nilimlisha uji mimi. Alasiri moja alimwita mumewe, akamshika kidole, maana mkono mzima hakuuweza.

"Sema umeiona," akamwambia. "Sikuombi neno la matanga. Sema tu umeiona siku moja. Mara moja. Nife nikijua tulimwona wote wawili."

Alimtazama muda mrefu. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, kama maji yanayovuja kwenye debe. "Sijaiona," akasema.

"Baba Katana."

"Sijaiona, mama. Ningeiona ningekwambia."

Nilitoka nje na bakuli la uji. Nilimkasirikia siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na hata sasa siwezi kusema alikosea. Ni mtu ambaye hajawahi kusema taa inawaka kabla hajakiona kitundu. Angeanzia pale?

Kwenye mazishi ya mkewe ndiko alikokemea. Wanawake walipofika kwenye, "Mama, msalimie Katana," aliinua mkono, akasema kwa sauti iliyosikika makaburi yote, "Huyo hayuko huko. Msimtume mke wangu kumtafuta mtu asiyekuwako. Atachoka." Hakuna aliyetuma salamu nyingine. Tukafukia.

Baada ya siku nyingi alikuja nyumbani kwetu mchana, amevaa koti lake la kanisani. Baba yangu akamkaribisha kiti, akakataa, akasimama mlangoni. Alisema na mimi, si na baba.

"Nenda uolewe, mwanangu."

"Baba, je, neno umelitoa?"

"Sijatoa neno. Nenda tu. Akirudi, nitamwambia mimi."

Akanipa mkono, ukinuka mafuta ya taa, akaondoka. Hivyo ndivyo nilivyofunguliwa. Wazee walisema si desturi, kisha wakaona haya kusema zaidi. Niliolewa na mkulima wa Mtongwe, mtu mwema, ng'ambo ya yale maji.

Nilisikia habari za Mwasha Taa kwa waliovuka. Alistaafu. Alinunua taa moja kuukuu ya reli iliyotupwa, akaichomekea mlingoti pale mteremkoni chini ya nyumba yake, kioo chake kikielekea mdomo wa bahari. Aliiwasha kila jioni. Aliowaambia sababu aliwaambia hivi: mtu aliyeondoka kwa njia ya maji akirudi kwa njia ya maji, aone kwao. Kisha macho yake yakafunikwa na mtoto wa jicho, na miguu ikavimba, akawa wa kulala. Jirani mmoja, mjane, alimpikia na kumwashia taa.

Upande wetu wa Mtongwe wanawake walianza kusema kuna mwanga Chaani. Walikuwa wakitoka shambani jioni, wakaniita. Nikatazama. Kweli, ng'ambo, juu kidogo ya mikoko, kulikuwa na nukta ya mwanga, imetulia. "Koma hiyo," wakasema. Mimi niliyejua nilijisemea moyoni, koma ya mafuta ya taa. Nilicheka peke yangu. Siku chache baadaye nikafunga mihogo na samaki mkavu, nikavuka kwenda kumwona.

Nilimkuta kitandani, uso umeelekea mlango. Alikuwa amebaki mifupa na sauti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani? Kadzo? Karibu. Mwandiko wako ukoje siku hizi?"

"Bado ni kaa, baba."

Akacheka. Tukaulizana habari, za mume, za watoto, za mihogo. Kisha akaniuliza, akijaribu kuonyesha kwamba si jambo kubwa, "Taa yangu yaonekana huko kwenu?"

"Yaonekana. Tuliiona juzi, wanawake wote."

"Wasemaje?"

"Wasema ni koma."

Alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua. "Koma! Wallahi muuza kahawa angelikuwa hai ningelimwambia. Yaonekana kubwa?"

"Ndogo, baba. Kama punje ya mtama."

"Lazima. Mwaitazama kwa nyuma kidogo, na ni mbali." Alikuwa amefurahi sana. "Haya, jua linazama. Shuka unitazamie utambi. Huyu dada huiwasha, lakini sijui kama hukata utambi sawa."

Mjane alikuwa mlangoni mwa jiko. Nilipopita aliinamisha kichwa, nami sikujua kwa nini mpaka nilipofika chini.

Taa ilikuwa imekufa. Buibui walikuwa wametanda ndani yake, kutoka utambi hadi kioo, na utando wenyewe ulikuwa mzee, umejaa vumbi. Tangi lilikuwa kavu, kutu imeshika kifuniko hata nikahangaika kukifungua. Haikuwa taa iliyowashwa juzi. Haikuwa imewashwa kwa miezi. Yule mjane aliogopa mikoko ile saa za jioni, kama wote wa Chaani, akawa anamwambia mzee kila siku, nimewasha, kwa kumhurumia.

Nilipanda mteremko polepole. Nilikuwa na njia nzima ya kutafuta uongo, na sikuupata.

"Inawaka?" akauliza.

"Haiwaki, baba. Buibui wamejenga ndani. Haijawashwa siku nyingi."

Mjane akaanza kulia kule jikoni. Mzee hakumwuliza kitu. Niliona anavyohesabu, kama alivyokuwa akihesabu mambo yake yote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Juzi mliona," akasema.

"Tuliona, baba."

"Juu ya mikoko, au chini?"

"Juu kidogo."

"Ilitikisika?"

"Hapana. Ilisimama."

"Na kwa nyuma." Alisema hivyo kama anajiambia mwenyewe. "Kwa nyuma, kama punje ya mtama."

"Ndiyo, baba."

"Ilikuwa nini, Kadzo?"

"Sijui, baba. Niliona mwanga."

Akageuza uso ukutani. Sikujua kama analia, analala, au anakata roho. Nilikaa na mikono mapajani. Nje watu walikuwa wanaitana kula. Baada ya muda akasema, bado ameelekea ukuta, "Mafuta yako uvunguni. Kibiriti kiko hapa chini ya mto. Kaiwashe."

Nilishuka tena. Nilifuta buibui kwa ncha ya leso, nikakata utambi kwa meno kwa kuwa sikuwa na mkasi, nikatia mafuta, nikawasha. Sikutazama moto. Nilizunguka nyuma ya mlingoti kama alivyonifundisha, nikangoja hadi kile kitundu kikashika mwanga.

Nikapaza sauti kuelekea nyumbani. "Inawaka, baba!"

Kisha nikasikia sauti yake, ya mtu ambaye hakuweza kuuona hata mkono wake mwenyewe, iliyotoka ndani ambako hakukuwa na dirisha la kuelekea majini.

"Naiona," akasema.

Sikumwuliza anaona ipi.